Barabara ya Pwani yaficha bahari inayotangaziwa watalii

KILA shule zinapofungwa, familia nyingi kutoka Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu huelekea Pwani. Wengi hupanda treni ya SGR, wengine mabasi ya usiku. Lipo pia kundi la wale wanaoteremka kwa magari yao wenyewe, ambao kukamilika kwa barabara ya Dongo Kundu mwaka 2024 kumewarahisishia mambo. Hawa hawatafuti hoteli moja ya kukaa wiki nzima. Wanataka kuendesha polepole kwa siku tano au sita, kutoka mpaka wa Lunga Lunga hadi Malindi, na wenye moyo zaidi hadi Lamu.

Ni wazo zuri, na pengine ndiyo namna bora zaidi ya Mkenya wa bara kuifahamu Pwani. Hata hivyo, anayekaa chini na ramani atagundua jambo ambalo matangazo ya utalii hayalisemi. Kutoka Lunga Lunga hadi Mokowe, mahali pa kuvukia kwenda Lamu, ni takriban kilomita 440. Katika umbali huo wote, maji ya bahari huonekana kutoka dirishani mahali pachache mno, na karibu pote ni pale barabara inapoyavuka: kivuko cha Likoni, daraja la Nyali, daraja la Mtwapa na daraja la Kilifi. Kwingineko msafiri huona minazi, kuta, malango na vibao vya hoteli.

Kwa hivyo kupanga safari hii ni kupanga mahali pa kuiacha barabara. Mwenye kuhesabu kilomita peke yake atamaliza safari akiwa ameona lami nyingi na bahari kidogo.

Sababu ya kwanza ni maumbile. Pwani yetu imekatwakatwa na mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, na wahandisi wa kale walitafuta mahali ambapo kila hori ni jembamba. Kabla ya madaraja, Mtwapa na Kilifi palivukwa kwa pantoni, na daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991 tu. Barabara ikalazimika kukaa ndani kidogo, mbali na ufuo.

Sababu ya pili si ya maumbile. Kati ya barabara na maji umebaki ukanda wa ardhi ambao historia yake ni chungu. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwapa watu wachache vyeti vya ardhi ya mwambao huku wakazi wengi, hasa Wamijikenda, wakigeuzwa maskwota mahali walipozaliwa. Baada ya uhuru, viwanja vya ufuoni viligawiwa wenye vyeo na marafiki zao. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kina jinsi ardhi ya umma kote nchini ilivyotolewa kinyume cha sheria, na Pwani haikusazwa.

Katiba ya 2010 inasema waziwazi, katika kifungu cha 62, kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa maneno mengine, mchanga ulioloweshwa na bahari hauna mwenyewe ila Wakenya wote. Tatizo ni kuufikia. Haki ya kutembea ufuoni haina maana kubwa kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa ukuta, na vichochoro vya umma vinavyoshuka baharini ni vichache, vyembamba, na mara nyingi havina hata kibao. Vingine vimezibwa kimya kimya. Mgeni aliyelipa hoteli hufika majini kwa hatua 50, ilhali familia iliyotoka Machakos na kikapu cha chakula huzunguka nusu saa ikiuliza njia kwa waendeshaji bodaboda.

Ndiyo maana mwandishi huyu hushangazwa na wanasiasa wanapolitangaza kila daraja na kila upanuzi wa barabara kuwa ni zawadi kwa utalii. Barabara pana humfikisha mtu haraka. Utalii wa gari huhitaji pia pa kusimama: mahali pa kuegesha, choo, kivuli, kibao kinachosema njia hii yafika baharini. Tangu Julai 2024, ushuru wa kukarabati barabara unaokatwa katika kila lita ya petroli ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10 likienda Lunga Lunga hadi Mokowe na kurudi, mwenyewe atakuwa amechangia takriban Sh2,200 kupitia ushuru huo peke yake. Si makosa akiuliza amepata nini zaidi ya lami.

Tuje sasa kwenye safari yenyewe, tukianzia kusini.

Anayetoka Nairobi ana takriban kilomita 480 za kuifikia Mombasa, katika barabara iliyojaa malori. Alale Voi kuliko kushindana na trela usiku. Akifika Miritini kesho yake, Dongo Kundu itamwondoa kwenye barabara ya Nairobi na kumtoa Kwale bila kuingia kisiwani. Barabara hii, yenye urefu wa takriban kilomita 17, inavuka maji ya Mwache na Mteza kwa madaraja marefu. La Mteza lina zaidi ya kilomita moja na robo, na kutoka juu yake mikoko imetanda pande zote mbili.

Faida yake haihitaji kuelezwa kwa wanaokumbuka Septemba 2019, gari lenye mama na bintiye lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni na kuzama, na taifa likangoja siku 13 kabla ya kuopolewa. Hakuna anayepaswa kuvuka kwa hofu ili aende Ukunda kununua samaki. Lakini kwa msafiri asiye na haraka, kuikwepa Likoni kabisa ni kujinyima. Ni mahali ambapo meli za shehena hupita karibu na abiria kiasi cha kusoma majina yao, na ambapo Mombasa huonekana jinsi ilivyo, mji wa watu wanaokwenda kazini. Shauri la busara ni kwenda kusini kwa Dongo Kundu na kurudi kwa feri, mchana, baada ya msongamano wa asubuhi wa wanaoingia mjini na kabla ya ule wa jioni wa wanaorudi Likoni.

Kusini panafaa siku mbili kamili. Wengi huishia Diani, na hapo pia barabara ya hoteli inakwenda sambamba na bahari kilomita nyingi bila kuionyesha. Mwenye gari aelekee mwisho wa kaskazini, kwenye msikiti wa kale wa Kongo, katikati ya mibuyu, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo wenyeji na wageni hukaa mchanga mmoja. Njiani atazame juu: ngazi za kamba zilizotandikwa kati ya miti ya pande mbili za barabara ni za mbega, wavuke bila kugongwa na magari. Serikali yetu imekuwa nzito kuwawekea binadamu vivuko vya namna hiyo.

Kutoka hapo ateremke hadi Gazi, kijiji ambacho kwa sababu fulani magari hukipita kwa kasi. Wakazi wake wana mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 umelinda mikoko na kuuza hati za hewa ya ukaa, mapato yakisaidia maji na shule. Kisha Shimoni, yenye mapango ambayo masimulizi ya wenyeji huyahusisha na biashara ya watumwa, na mashua za kuvukia kisiwa cha Wasini. Huko Wasini, akina mama wamejenga njia ya mbao juu ya matumbawe na mikoko, nao ndio wanaotoza kiingilio. Yafaa kuona kwamba katika Gazi na Wasini, vijiji vilivyonyimwa ufuo wa hoteli vimejitengenezea njia ya kuufikia wao wenyewe, na kuilipisha.

Hapa tuseme kidogo kuhusu maji, kwa sababu wasafiri wengi wa bara hupanga safari kwa saa ya mkononi wakasahau saa ya bahari. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa bamvua: hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita tatu. Katika siku hizo, kwenye pwani ya Mombasa, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa tena alasiri. Familia iliyofika kuogelea saa nne itakuta bahari imekwenda mbali na kuacha mwani na miamba. Hapo ndipo pa kuwachukua watoto kutembea penye vidimbwi vya matumbawe, wakivaa viatu, na kuogelea kukabaki alasiri. Siku za maji mafu, katikati ya miandamo hiyo, mambo hutulia na tofauti huwa ndogo. Mvuvi yeyote atakueleza hali ya maji ya kesho bila kutoza senti.

Msimu nao una neno. Kaskazi, kuanzia karibu Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na joto kali. Masika ya Aprili na Mei huharibu njia za udongo, kisha kusi huvuma kwa nguvu hadi Septemba na kusukuma mwani ufuoni. Wenye likizo ya Aprili wajiandae kwa tope. Wa Agosti watapata hewa nzuri na bahari yenye mawimbi.

Mombasa kwenyewe panatosha usiku mmoja kwa madhumuni ya safari hii. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, haihitaji kusifiwa hapa. Muhimu zaidi kwa hoja yetu ni bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya Oktoba 2019. Hapo mtu yeyote hukaa mbele ya lango la bandari, akala viazi vya karai na mihogo ya kukaanga, akatazama meli zikiingia. Wapo walioulalamikia ukarabati huo, hasa wachuuzi walioondolewa kwanza. Lakini bustani hiyo ni ushahidi kwamba ardhi ya ufuoni ikibaki mikononi mwa umma, umma huitumia. Ufuo wa Jomo Kenyatta, Bamburi, watoa ushahidi huo huo kila Jumapili, japo kwa uchafu na msongamano unaotokana na kuwa kimbilio la karibu mji mzima.

Kaskazini mwa Nyali ndiko kunakomshinda subira dereva. Upanuzi wa barabara ya Mombasa kwenda Mtwapa na Kilifi, sehemu ya mradi mkubwa unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika kuunganisha Malindi na Bagamoyo, umewafanya wasafiri wapite vumbini na kwenye michepuko kwa miaka kadhaa. Mtwapa ina sifa yake ya foleni hata bila matingatinga. Aondoke Mombasa kabla ya saa moja asubuhi, au asubiri hadi saa tatu.

Akishavuka Mtwapa ajitahidi kutopita tu. Magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 na 15, yako ufuoni kabisa, na kiingilio chake kwa Makavazi ya Kitaifa kinampa mtu kile ambacho kuta za jirani zinamnyima: kivuli cha mibuyu, mawe ya msikiti, na bahari hatua chache mbele. Mbele zaidi, Vipingo, mashamba ya mkonge huenea kwa mistari iliyonyooka hadi macho yachoke. Huko ndiko kuna Kuruwitu, ambako wavuvi walikubaliana mapema miaka ya 2000 kufunga sehemu ya bahari yao isivuliwe ili samaki warudi. Mwaka 2017 jamii hiyo ilitunukiwa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mibuyu ya Kilifi nayo ina kisa. Mwaka 2022 Wakenya walipigwa na butwaa kusikia kwamba mibuyu mikubwa ilikuwa ikING'olewa mizizi ipelekwe Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, ikapambe bustani. Rais William Ruto aliagiza uchunguzi mwezi Novemba mwaka huo. Waliouza miti hiyo walikuwa wakulima waliohitaji pesa na nafasi ya kupanda mahindi, na ni vigumu kuwalaumu. Lakini kisa hicho kinaonyesha jinsi tunavyothamini mandhari yetu baada tu ya mtu wa mbali kuyatia bei.

Kilifi ni pa kulala, kwa sababu moja. Pwani ya Kenya inatazama mashariki, kwa hivyo jua huchomoza baharini na kutua nchi kavu. Anayetaka kuliona likitua majini sharti awe penye hori lenye mwelekeo wa magharibi, na hori la Kilifi ni mojawapo. Hori la Mida, karibu na Gede, ni jingine, nalo lina njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko. Aidha, kwa kuwa dereva wetu hukaa kulia, anayekwenda kaskazini ndiye aliye upande wa bahari. Abiria wa mbele atapata zamu yake wakati wa kurudi.

Kati ya Kilifi na Malindi barabara hupita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita mraba 420, mkubwa kuliko misitu yote ya mwambao iliyosalia Afrika Mashariki. Gede, mji wa mawe uliohamwa karne ya 17, uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, na tangu hapo umekuwa na sababu mpya ya kutembelewa. Watamu, kilomita chache kutoka hapo, ina hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Malindi yenyewe, mbali na nguzo ya Vasco da Gama, ina jambo ambalo miji mingine imelipoteza: sehemu ya mji inayotazama bahari bila kizuizi. Mwenye siku ya ziada aende Marafa, kwenye korongo la udongo mwekundu na mweupe liitwalo Nyari, alasiri joto linapopungua.

Malindi ndipo pa kuamua. Kusini mwake, kosa la mpango hugharimu saa chache au usiku mmoja. Kaskazini mwake hesabu ni nyingine.

Barabara huvuka mto Sabaki, ikapita mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Karibu na hapo, Ngomeni, ndiko Waitaliano walikorushia vyombo vya angani kutoka jukwaa lililosimama baharini. Mnamo Desemba 12, 1970 ilirushwa kutoka huko setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyota. Baada ya hapo barabara huiacha bahari kabisa, ikaenda Garsen na kupinda kuelekea Witu.

Novemba 2023, mvua za El Nino zilisomba daraja la Mbogolo huko Magarini na kuifunika barabara ya Lamu katika eneo la Lango la Simba. Kaunti nzima ya Lamu ikakatwa na nchi nyingine kwa njia ya gari. Mafuriko mengine yalifuata mwaka 2024. Lamu ina bandari ya kisasa, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, lakini ina barabara moja tu ya kuiendea kutoka kusini.

La usalama ni zito zaidi. Juni 2014, zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni. Julai 2017 mashambulizi yalifanyika kwenye barabara yenyewe, na Januari 2020 basi likashambuliwa Nyongoro, abiria wakafa. Kwa miaka mingi magari yalisafiri kwa misafara yenye ulinzi wa polisi. Kuwekwa lami kati ya Garsen na Lamu kumesaidia, kwani kwenye barabara nzuri gari halilazimiki kutambaa na ni vigumu kutega bomu chini ya lami. Wakazi wa Lamu hupita hapo kila siku, nao huudhika, kwa haki, kaunti yao inapotajwa kama uwanja wa vita. Lakini mkazi anajua sehemu za kuogopwa na saa zake. Baba anayesafiri na watoto kwa mara ya kwanza hajui.

Maoni ya safu hii ni kwamba asiyekuwa na mwenyeji aliache gari Malindi na kupanda basi la asubuhi, au aende kwa ndege. Atakayeamua kuendesha apite kwanza kituo cha polisi cha Malindi kuulizia hali ya siku hiyo, ajaze tangi hapo, aondoke alfajiri, na asikubali jua limtulie kati ya Garsen na Mokowe kwa sababu yoyote. Msimu wa mvua aulizie pia hali ya mto Tana.

Mokowe, gari hubaki bara. Katika mji wa kale wa Lamu, ulio katika Urithi wa Dunia tangu 2001, usafiri ni wa punda, mashua na miguu, na boti ya kuvukia huchukua takriban nusu saa. Apange kulala angalau siku mbili, kwa kuwa atakayetaka kurudi Malindi mchana sharti awe amevuka tena na kuwasha gari kabla ya saa sita.